Mtu wa Dirishani: Mwongozo kwa Anayetaka Kusomea Kazi ya Ofisi Hospitalini

Saa moja asubuhi, kabla daktari hajafika chumbani kwake, foleni ya mapokezi imeshatoka nje ya mlango. Mbele amekaa mama aliyekuja jana na basi la Mpwapwa, akalala kwa ndugu yake Chang'ombe. Nyuma yake yupo mzee mwenye fimbo na shuka begani, kope zimevimba, ananyoosha kadi yake kwa kubahatisha kwa sababu maandishi hayaoni. Wa tatu ni kijana wa bodaboda, mkono kaufunga kwa kanga yenye damu. Wote watatu, mtu wa kwanza kuzungumza nao ni yule aliyekaa dirishani. Akiandika jina vibaya, daktari atasoma historia ya mtu mwingine. Akimjibu mzee kwa ukali, mzee atarudi nyumbani na macho yake. Na kama hajui kwamba kijana yule anapaswa kuingizwa ndani kwanza na fomu zifuate baadaye, damu itaendelea kutoka kwenye benchi.

Mwongozo huu ni wa kijana wa Dodoma, Singida au wilaya za mikoa hiyo anayetaka kuwa mtu wa dirishani na wa masijala. Nimeifanya kazi hii miaka mingi na ninaipenda. Ninachotaka ukijue mapema ni kwamba kazi hii inasomewa, na chuo utakachochagua kitaamua kama utaingia nayo ukiwa umeshika faili mkononi au ukiwa umekariri tu maana ya faili.

Jina la kozi unayoitafuta

Marekani na Kanada mtu anaweza kusomea usaidizi wa ofisi ya daktari kama kozi moja inayojitegemea. Kwetu usitafute jina hilo, maana kazi yenyewe imegawanywa katika vyeo kadhaa. Kwenye hospitali ya umma, kwa mfano ya rufaa ya mkoa, utamkuta Mwandishi Mwendesha Ofisi, yule ambaye zamani tulimwita Katibu Mahsusi, akishughulikia barua, vikao na ratiba za wakubwa. Masijala inashikwa na watunza kumbukumbu. Takwimu na vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya, viko kwa watu wa taarifa za afya. Kuna karani wa bima, kuna mpokeaji malipo. Lakini nenda kwenye zahanati binafsi ya mtaani Area C au Kikuyu uone: binti mmoja anapokea, anafungua faili, anapiga simu, anahakiki kadi ya bima, anachapa barua ya rufaa na jioni anahesabu fedha. Kwa hiyo soma mlango mmoja kwa cheti, lakini ijue milango yote kwa akili.

Milango ni mitatu.

Wa kwanza ni uhazili. Kwa watu wa kanda ya kati mlango huu una historia karibu na nyumbani, maana Chuo cha Uhazili Tabora kimefundisha makatibu wa nchi hii kwa vizazi, na leo ni kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 2000. Chuo hicho kina kampasi Singida pia. Utasoma kuchapa, hatimkato, uandishi wa barua na kumbukumbu za vikao, na programu za kompyuta za ofisini. Hatimkato ndiyo inayowatoa watu jasho. Matangazo ya ajira ya serikali ya miaka ya karibuni yanataka Mwandishi Mwendesha Ofisi awe na stashahada ya uhazili na awe amefaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza kwa maneno 100 kwa dakika. Ukikuta chuo kinakuambia kitakupa uhazili kamili kwa miezi mitatu, uliza hayo maneno 100 utayapata mwezi gani.

Wa pili ni utunzaji wa kumbukumbu, au masijala. Huu haujafungwa hospitalini. Ukiumaliza unaweza kuajiriwa halmashauri, wizarani Mtumba, mahakamani. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 ndiyo mhimili wa masomo haya: nani anaruhusiwa kuona nini, jalada linakaa muda gani, linateketezwa vipi. Kwa mtu anayependa mpangilio, huu ndio mlango ninaomshauri, kwa sababu mlango wa hospitali ukifungwa unabaki na milango mingine.

Wa tatu ni taarifa za afya, kozi inayotolewa na baadhi ya vyuo vya afya. Huyu ndiye ndugu wa karibu zaidi wa kazi tunayoizungumzia. Hapa utasoma istilahi za kitabibu, mwili wa binadamu kwa kiasi, takwimu, misimbo ya magonjwa na mifumo ya kompyuta ya hospitali. Anayetaka kupanda zaidi, Chuo Kikuu cha Dodoma kina shahada ya mifumo ya taarifa za afya, kwa hiyo ngazi yote, kutoka dirishani hadi kwenye kuunda mfumo wenyewe, unaweza kuipanda bila kuhama Dodoma.

Angalizo moja hapa, maana nimeona familia zikiuza ng'ombe kwa kosa hili. Mhudumu wa afya ni kazi nyingine. Yule anasomea mwaka mmoja kumsaidia muuguzi wodini: usafi wa mgonjwa, vifaa, kusukuma kitanda. Ni kazi ya heshima kubwa, lakini cheti chake hakikuweki masijala, na cha masijala hakikuweki wodini. Vyuo vingine vinapotangaza huchanganya majina haya ili tangazo livutie. Muulize mtu wa udahili akuandikie jina kamili la kozi kwenye karatasi, kisha lilinganishe na jina lililo kwenye matangazo ya ajira. Yakitofautiana, usilipe.

Kabla ya kulipa ada

Elimu hii inasimamiwa na NACTVET, Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi. Ngazi zake ni tatu kwa anayetoka kidato cha nne: ngazi ya 4 ni astashahada ya awali, ya 5 ni astashahada, ya 6 ni stashahada. Ni safari ya miaka mitatu ukiimaliza yote. Kizingiti cha kawaida ni ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne yasiyo ya dini, na kozi za afya zinaweza kutaja masomo mahususi juu ya hayo. Kila mwaka baraza linatoa kitabu cha mwongozo wa udahili. Kimeorodhesha vyuo, kozi, nafasi, sifa na ada. Kipate, kisome mwenyewe, usisomewe na dalali. Chuo kisichokuwamo kwenye kitabu hicho, au kilichomo lakini bila kozi unayoitaka, hakikufai hata kama jengo lake lina vigae vya kung'aa.

Kuhusu ada, jambo ambalo wazazi wengi wa vijijini hawajalisikia: kuanzia mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imeanza kukopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, na afya na sayansi shirikishi zimo. Angalia kama kozi yako imo kabla ya kuuza mtetea wa mwisho.

Halafu nenda chuoni mwenyewe, siku ya kazi, bila miadi. Omba kuona mambo matatu. Kwanza chumba cha kompyuta: hesabu zinazowaka, uzilinganishe na idadi ya wanafunzi wa darasa moja. Pili masijala ya mafunzo: chumba chenye reki, majalada, daftari la kutoa na kupokea, ambapo mwanafunzi anafungua faili la mgonjwa wa kubuni, analipoteza na kulitafuta. Ukiambiwa kwamba hayo mtayaona fildi, jua darasani utaandika notisi tu. Tatu, waulize wanafunzi wa mwaka wa mwisho, nje ya geti, kwenye kibanda cha chipsi, walifanyia fildi wapi na walishika nini. Wakikujibu kwamba walikuwa wanatumwa chai, umeshapata jibu lako.

Mambo yatakayokufanya uhitajike

Majina kwanza. Sijui somo jingine lenye uzito kama hili katika kanda yetu. Jina la Kigogo linaloanza na sauti ya *ch*, mmoja ataliandika kwa *ch*, mwingine kwa *c* peke yake kama walivyoandika wamisionari wa zamani. Ukilitafuta kwa herufi moja hulioni, unafungua faili jipya, na mgonjwa mmoja anakuwa na mafaili matatu, kila moja lina kipande cha ugonjwa wake. Wapo pia wanawake waliosajiliwa kwa jina la baba, wakaja kujifungua kwa jina la mume, na mtaani wanaitwa mama wa mtoto wao wa kwanza. Niliwahi, nikiwa mgeni kazini, kumpelekea daktari faili la mwanamke mwingine mwenye majina yote matatu sawa na aliyekuwa mbele yake. Mmoja alikuwa na mzio wa penisilini na mwingine hakuwa nao. Daktari aliuliza swali moja la ziada ndipo tukagundua. Tangu siku hiyo sitoi faili kwa jina peke yake. Jina, mwaka wa kuzaliwa, kijiji, namba ya simu, na namba ya kitambulisho cha taifa kama anacho. Usimuulize mgonjwa, "Wewe ndiye fulani?" Mtu mwenye homa anaitikia chochote. Mwambie akutajie mwenyewe.

Na kijiji nacho kina mitego yake. Mtu akikuambia anatoka Chamwino, kuna Chamwino ya mjini Dodoma na kuna wilaya ya Chamwino, ile yenye Ikulu. Mvumi kuna Mvumi Mission na Mvumi Makulu. Makutupora ipo hapa Dodoma na nyingine ipo Manyoni, mkoa wa Singida. Siku mgonjwa wa kifua kikuu asipoonekana kliniki na mhudumu wa jamii akatumwa kumtafuta, maandishi yako yatampeleka kwenye nyumba yenye mgonjwa au yatampeleka mkoa mwingine. Chuo kikikupa zoezi la kuandika anwani, liandike kana kwamba wewe ndiye utakayepanda pikipiki kwenda kutafuta.

Umri. Kwenye mapokezi ya Dodoma utawapokea wazee wengi wasio na cheti cha kuzaliwa, na mfumo wa kompyuta unadai tarehe kamili. Usibuni. Jifunze kuuliza kwa matukio. Mwaka wa Uhuru, 1961, ulikuwa unabebwa mgongoni au ulikuwa unachunga ndama? Ilipokuja Operesheni Dodoma mwanzoni mwa miaka ya 1970, mkahamishiwa kijijini, ulikuwa umeshaolewa? Vita vya Kagera, 1978 na 1979, mtoto wako wa kwanza alikuwa ameshazaliwa? Kwa maswali mawili matatu unapata mwaka wa kukadiria, unaandika wazi kuwa ni kadirio, na unafuata utaratibu wa hospitali yako kwa siku na mwezi. Hili lina uzito wa fedha pia, maana sera ya afya inawapa msamaha wa matibabu wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, pamoja na wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano. Wewe huamui msamaha. Anaamua afisa ustawi wa jamii. Lakini wewe ndiye wa kumwelekeza mzee kwenye mlango wa ustawi badala ya kumwacha akigeuka na kuondoka kwa sababu hana elfu kumi.

Saa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sijaona kitabu cha chuo kinacholieleza. Mashine inachapa kadi ya miadi: 08:00. Mama wa Kibakwe akifika nyumbani anasomewa na mjukuu, "Bibi, ni saa nane." Na saa nane kwao ni mchana. Anapanga safari yake vizuri kabisa, anafika saa nane mchana, kliniki imefungwa, anaandikwa kwenye daftari kuwa mtoro. Hakuwa mtoro hata kidogo. Andika kwa mkono, kwa maneno, juu ya ile namba: *saa mbili asubuhi*. Mwambie kwa mdomo, kisha mwombe akurudishie alichosikia. Na unapopanga miadi, uliza anatoka wapi. Wa Makole anaweza kuja saa mbili. Wa Mpwapwa au Kondoa anayetegemea basi la kwanza mpe saa nne au tano, na kipindi cha kulima na kupalilia tarajia wachache kuliko baada ya mavuno. Ratiba inayojua mvua ni ratiba inayotimia.

Bima ndiyo itakayokupa mkate siku hizi. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza huduma mwaka 2001, makao yake makuu yako hapa Dodoma, na Bunge hapa hapa lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Maana yake ni kwamba kadi za bima dirishani zitaongezeka. Kazi yako ni kuhakiki kadi kwenye mfumo, kuhakikisha aliyeishika ndiye mwenye picha, kupata idhini, na kuona kwamba fomu ya madai inatoka kila chumba ikiwa imejazwa na kusainiwa. Fomu isiyo na saini, au yenye huduma isiyolingana na ugonjwa ulioandikwa, inakatwa. Hospitali imeshatoa dawa na hailipwi. Nimeona kituo kidogo kikichelewesha mishahara miezi miwili kwa sababu ya makato, na ukichunguza unakuta makosa mengi yalizaliwa mapokezi. Msimamo wangu kuhusu kadi ya kuazima ni huu: usikubali, hata akiwa shangazi yako. Mbali na kuwa ni udanganyifu, unaandika ugonjwa wa mtu kwenye historia ya mwingine, na kosa hilo linaweza kuua miaka kumi baadaye.

Misimbo ya magonjwa usiiogope. Ni orodha ya Shirika la Afya Duniani, ICD-10, herufi moja na tarakimu. A71 ni trakoma, ile ya kope iliyosumbua sana Kongwa na Dodoma yote. B54 ni malaria isiyobainishwa aina. E11 ni kisukari cha aina ya pili. I10 ni shinikizo la juu la damu, na herufi yake ya kwanza ni I, siyo tarakimu 1. Wanaoanza huiandika mia moja na kumi. Daktari ndiye anayetambua ugonjwa, wewe unanakili na kuingiza. Ukiona mwandiko hausomeki, inuka uende ukaulize. Daktari akikukaripia kwa kuuliza, vumilia. Ni afadhali karipio kuliko kubahatisha.

Mfumo wa vitabu vya MTUHA ulianza mwaka 1993 na bado unaishi hata penye kompyuta. Kitabu namba 5 ni cha wagonjwa wa nje, 6 cha wajawazito, 7 cha watoto, 12 cha wodi ya kujifungua, 14 cha waliolazwa. Uvijue kwa namba kama unavyozijua daladala zako, maana muuguzi hatakuambia "lete rejista ya wajawazito", atakuambia "lete sita". Kwenye vituo vingi vya serikali utakuta pia mfumo wa kompyuta wa GoTHOMIS, na malipo yanapita kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, fedha taslimu hupokei mkononi. Shukuru kwa hilo, linakulinda na kishawishi na linakulinda na tuhuma. Lakini umeme wa kwetu unakatika na mtandao unasumbua. Chuo kizuri kinakufundisha kufanya kazi kwa karatasi saa tatu mfululizo na kisha kuingiza yote kwenye mfumo bila kuacha mgonjwa hata mmoja. Ukikuta chuo kinachokufundisha kompyuta peke yake, jifunze karatasi mwenyewe.

Mdomo

Siku unapoketi dirishani utajua mambo ya mtaa mzima. Nani anachukua dawa za kufubaza virusi, binti wa nani amepima mimba, kaka wa nani amepewa rufaa ya Mirembe. Hospitali ya Mirembe imetibu wagonjwa wa akili hapa Dodoma tangu 1927, na bado mtu akitaka kumtukana mwenzake mtaani anamwambia "wewe wa Mirembe". Fikiria basi uzito wa barua ya rufaa unayoichapa. Ukiitamka kwa sauti mbele ya foleni umemvunja mtu ambaye alikuwa amejikaza kuja.

Sheria ziko nyuma yako. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya aliyepimwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Ukipiga picha skrini ya mgonjwa ukaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, umevunja sheria, hata kama nia ilikuwa kuomba maombi. Lakini siri kwa vitendo ni mambo madogo kuliko sheria. Ni kutomuuliza mtu "Unaumwa nini?" kupitia kioo huku ishirini wakisikiliza. Uliza, "Unakwenda chumba gani?" au umpe karatasi anyooshe kidole. Ni kugeuza skrini ikutazame wewe. Ni kuweka faili kifudifudi. Ni kutomsalimia sokoni Majengo kwa kumuuliza hali ya ugonjwa wake. Msubiri akusalimie yeye, na mzungumze bei ya vitunguu.

Mdomo huo huo ndio wa salamu. Mzee akifika mbele yako mpe shikamoo kabla hujamwomba kadi. Akiwa Mgogo aliyetoka kijijini, "mbukwenyi" moja itamlegeza mabega, na atakueleza kwa dakika mbili jambo ambalo angekuzungusha nalo kumi. Wagonjwa wa Kondoa wana Kirangi chao, wa Singida Kinyaturu. Huhitaji kuzijua lugha zote, jifunze salamu tu na neno la "pole". Na mwenye macho mabovu msomee. Wengi wanaokwenda kliniki ya macho pale Mvumi hawawezi kusoma kibao kinachowaelekeza kliniki ilipo, halafu watu wanashangaa kwa nini wanapotea koridoni.

Kijana wa bodaboda tuliyemwacha mwanzoni: atafutiwe muuguzi mara moja. Fomu ya polisi, PF3, itafutwe wakati anashonwa. Usiwe wewe wa kumzuia mtu dirishani kwa karatasi.

Fildi na baada yake

Ukipangiwa fildi usikimbilie hospitali kubwa tu. Pale Benjamin Mkapa au hospitali ya mkoa utaona mifumo mikubwa, lakini unaweza kuwekwa kwenye kona moja miezi miwili. Kwenye kituo cha afya cha kata au hospitali ya misheni kama Mvumi, au Mtakatifu Gaspar kule Itigi, unaweza kuzunguka meza zote. Omba barua ya fildi mapema, na siku ya kwanza nenda kwa mtunza kumbukumbu mwenyewe umwambie unataka kuanza na kazi ya kurudisha mafaili kwenye reki. Wengi wanaikwepa kwa sababu ni ya vumbi. Ukiifanya wiki mbili utakuwa unajua namba zinavyopangwa, mafaili gani yanapotea, na nani anayachukua bila kusaini.

Baada ya kuhitimu utaambiwa ujitolee. Jitolee kama unaweza, ila kwa barua inayotaja muda, kazi na nauli kama ipo. Kujitolea kusikokuwa na mwisho ni kunyonywa, na nimewaona vijana wazuri wakichoka wakaacha kazi waliyokuwa wanaiweza kabisa.

Ajira za serikali zinatangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kupitia Ajira Portal. Fungua akaunti yako ukiwa bado chuoni. Wasailiwa wanapita kwa hatua: mtihani wa mchujo, vitendo, kisha mahojiano ya ana kwa ana. Kwenye vitendo ndipo anayejua kuchapa anapomwacha aliyenunua cheti. Na hakikisha majina yako yanafanana kila mahali: cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha chuo, kitambulisho cha taifa. Yakitofautiana hata herufi moja, shughulikia hati ya kiapo sasa, si usiku wa mwisho wa kutuma maombi. Karatasi ya matokeo ya muda haipokelewi, kinatakiwa cheti chenyewe. Itakuwa ajabu mtu anayeomba kutunza majina ya watu afungiwe nje kwa jina lake.

Wakati unasubiri chuo kifunguliwe, anza na zoezi hili. Chukua daftari, mwendee bibi yako au jirani yako mzee kabisa mtaani. Msalimie, kaa chini, mfungulie faili: majina yote aliyowahi kuitwa, mwaka wa kuzaliwa kwa matukio, kijiji na kitongoji, namba ya simu ya mtu wa kumpigia, dawa anazotumia, kinachomdhuru. Msomee ulichoandika. Kila atakapokukatiza kwa kusema, "Hapana, mjukuu wangu, siyo hivyo," futa, andika upya, umsomee tena.